Mtindo wa Kifaransa Magomeni

Shikamoo Bibi,

Salamu kutoka Dar, mji unaochemsha watu bila kuni. Twiga wa kwenye picha ya postikadi hii sijamwona; labda naye alikimbia joto. Zile suruali zangu ulizosema zinafagia barabara bure zilikuwa za kisasa mpaka basi lilipopita Nyakanazi tu. Wasichana wa hapa wamezitazama kama wanaotazama mgonjwa.

Basi Jumapili nikavaa ile imvutano, vazi letu la Kirundi la kujifunga, uliyoisukumia kwenye begi langu kwa nguvu, nikafunga fundo begani ulivyonifundisha. Mama mwenye nyumba anayopanga shangazi, mstaarabu kupindukia, alicheka hadi akashika ukuta. "Kumbe bado mnavaa kikimbizi!"

Kanisani wanawake wakanizunguka, kila mmoja akiuliza fundi wangu ni nani. Jioni mama yuleyule mwenye nyumba akabisha hodi, kitenge mkononi. Alikuwa amealikwa harusini.

"Nifunge na mimi, mwanangu. Mtindo wenyewe wa wapi?"

"Ufaransa, mama."

Sasa mtaa mzima unajua amevaa Kifaransa. Sikuona haja ya kumsumbua kwa kumwambia kwamba Ufaransa yenyewe ni wewe, uliyekimbia vita Burundi ukavuka mto Ruvubu umembeba shangazi mgongoni, bila nguo nyingine ila vazi hilihili.

Mungu akutunze, na magoti yapoe. Ukienda sokoni Nemba, tembea kwa madaha, Bibi. Huku mjini wanakuiga.

Mjukuu wako,
Desi