Hibiskasi ya Dada Kwenye Nchi ya Pamba

Oya Daktari wa Miche!

Niko Nkoma kwa Dada Rehema, jua linachoma mpaka kisogo. Kile kijiti cha hibiskasi ya msitu wetu ulichompa alipoolewa kimekuwa kichaka kinachonizidi urefu! Huku kwenye vumbi! Kakipanda nyuma ya bafu, upande wa kivuli, maji ya kuogea yanapita hapohapo, na chini kaweka samadi iliyooza na majani makavu ili unyevu usikauke. Maua mekundu yananing'inia kama hereni.

Sasa sikia. Asubuhi baba mkwe wake kaja na jembe. Huku pamba ikishavunwa, kila shina linang'olewa na kuchomwa, wadudu wasipate pa kujificha. Kageuza jani moja la hibiskasi, wadudu wekundu wamejaa, walewale wa pamba! Nilipiga kelele.

"Unaona, ng'wanawane?" kaniambia, yaani mwanangu. "Huyu ni ndugu yake pamba. Majirani wote wameshachoma, sisi tufuge wadudu?"

Dada hakumbishia mkwewe. Kanivuta pembeni, machozi yanamlenga: "Ndicho kitu pekee cha kwetu nilichonacho hapa."

Basi mzee kanikabidhi mimi jembe. "Ng'oa wewe, kakaake. Nikiung'oa mimi, mkwe wangu hatanipikia ugali kwa moyo tena."

Anataka jioni tuuchome. Mbusu mama, ila hili usimwambie kwanza. Ungekuwa wewe, ungeng'oa?