Ndege Ambayo Mama Hakupanda

Mama yangu uliyetutangulia,

Leo nakuandikia juu ya ile picha ya arusi yangu ambamo fundi picha wa Kasongo alikusimamisha mbele ya ndege. Wewe, ambaye safari yako ndefu kuliko zote ilikuwa ya Kabambare, nyuma ya pikipiki, ukimkemea dereva njia nzima.

Nakumbuka alivyokupiga picha. Ulikuwa nyuma ya nyumba, miguu mitupu, unageuza sombe, majani ya muhogo, katika sufuria kubwa, jasho likikutiririka kidevuni, unacheka kwa sababu shangazi alikuwa anaonja kila saa na kusema bado haijaiva. Ulimwambia fundi, "Usinipige hivi, mutoto wangu, sina hata viatu." Akajibu kwa majivuno yake, "Usiogope, mama, nitakutengeneza."

Alikutengeneza kweli. Alikukata magotini, akaitupa sombe, akakupaka uso ukawa mweupe kama unga wa muhogo, kisha akakubandika mbele ya ndege. Yeye anauita ufundi. Mimi nauita ujinga uliopata kompyuta.

Tulicheka, na wewe ulicheka kuliko sote. Nilipomwomba anipe fishie, yaani picha zote kama zilivyopigwa, nizitie kwenye simu yangu, alinitazama kama nimemwomba mke wake. "Fishie haitoki. Fishie iko ya studio. Weye chukua karatasi." Eti nikimpelekea fundi mwingine, jina lake litaharibika. Debe tupu haliachi kuvuma, mama. Jina gani hilo?

Ulipofariki, sura yako ya kuweka kwenye matanga ilikuwa hiyo tu. Wageni wa Nyangwe na Kabambare walikaa mkekani wakikutazama, huna miguu, uko kwenye uwanja wa ndege usioujua. Mzee mmoja akauliza kwa heshima ulisafiri mwaka gani. Niliingia ndani nikalia kwa hasira kabla hata sijakulilia wewe.

Baada ya mazishi nilirudi kwa fundi, nikamsihi anitafutie ile ya sombe. Hakuacha hata kutafuna karanga zake. "Ile nilishafuta, ilikuwa inajaza mashini. Nilichunga ile ya ndege, ndiyo muzuri."

Sasa mdogo wangu anaolewa, na kwenye kikao cha familia baba mdogo akamtetea fundi huyo. "Kazi iko yake," alisema. Nikamwuliza, "Na sura iko ya nani, baba?" Akakohoa, akaomba maji. Basi nimeamua, na wamekubali: fundi wa arusi hii atatuachia picha zote siku ileile, nzuri na mbaya, zenye jasho na zisizo na viatu. Asiyetaka akapige ndege zake.

Lakini wewe nimekukosa. Sauti yako bado ninayo, ila uso wako wa kucheka unaanza kunitoka, na kwa hilo namdharau mtu yule mpaka leo.

Mjukuu wako, niliyempa jina lako, hana sura yako nyingine. Asubuhi husimama chini ya picha ile ukutani. Juzi aliniuliza juu ya bibi yake, "Koko atashuka lini?"

Nikamwambia anawe mikono, chakula kiko tayari.

Pumzika, mama, na miguu yako yote miwili.

Binti yako mkubwa