Mtu wa Kusimama Bombani

Hospitalini, Morioka
2 Machi

Mwanangu Mitsue,

Hujambo wewe, na baridi ya Sendai inakutendeaje? Mimi ni mzima kuanzia kichwani mpaka kiunoni. Chini ya hapo waulize madaktari. Nyonga wameitia chuma. Daktari kijana anasema hajapata kuona mfupa mgumu kama wangu kwa mtu wa umri huu. Nikamwambia, kijana, mfupa huu umepikia mabaharia Manila, Durban mpaka Rotterdam, unadhani utavunjwa na theluji iliyoporomoka paani? Akasema, lakini umevunjika. Hana adabu, ila mikono yake mizuri.

Sasa sikiliza, maana simu siisikii, na wewe kwenye simu una haraka. Jumapili ya tatu ya Aprili ni siku ya maji kwetu Kamisawa, ya kuyarudisha kwenye paipu baada ya baridi. Unaujua utaratibu: Onodera, msimamizi wa maji, anafungua koki kule juu kwenye tangi, kidogo kidogo, na kila nyumba inaweka mtu wake kwenye bomba la bustani, aite "yamefika!" maji yakifika salama. Sasa tangu bomba la akina Sasaki lipasuke pasipo mtu na kukausha tangi la kijiji kizima, wamekubaliana: nyumba isiyo na mtu wake siku hiyo, paipu yake inakatwa na kuzibwa, haifunguliwi tena. Na jirani haruhusiwi kusimama kwa niaba yako.

Bila maji hakuna figili, hakuna maharage. Na mimi bila bustani ni wa kuwekwa kwenye kiti mbele ya televisheni. Njoo usimame. Ni asubuhi moja tu.

Baba yako

Sendai
11 Machi

Baba, shikamoo.

Pole na maumivu. Sisi huku wazima, mjukuu wako mdogo ana mafua kidogo.

Sitakwenda. Sitaki kukudanganya kwamba kazi imenibana. Ulilala kwenye theluji nyuma ya nyumba mpaka Mama Chiba alipokuona, naye alikuja tu kurudisha bakuli. Nyumba ile itakuua, baba. Chumba chako cha huku nimeshakipaka rangi. Nikikaa tu hapa Jumapili hiyo, Onodera atakata paipu na ubishi wetu utakwisha bila mimi kusema neno. Afadhali ulijue kutoka kwangu.

Mwanao, Mitsue

Morioka
16 Machi

Mitsue,

Hujambo. Nimesoma. Umerithi ulimi wa marehemu mama yako na kichwa changu, mchanganyiko mbaya sana.

Basi kaa. Nitakwenda mwenyewe kwa magongo. Nimevuka Atlantiki kwenye dhoruba na sufuria ya supu mkononi, sikumwaga hata tone. Basi la mlimani litanishinda nini?

Baba

Sendai
30 Machi

Baba,

Shikamoo. Mengine yatasubiri. Nesi mkuu amenipigia. Wamekuokota kituo cha basi, umevaa kandambili za wodini, umeanguka tena na mshono umeachia. Anasema ukirudia hutatembea kabisa.

Ni bomba, baba. Unataka kufa kwa ajili ya bomba?

Mitsue

Morioka
7 Aprili

Mwanangu,

Hujambo, na mafua ya mdogo yamepoa? Mimi nimelazwa chali kama samaki sokoni. Viatu nimempa nesi avifiche. Siendi.

Umeniuliza kama nataka kufa kwa ajili ya bomba. Hapana. Kufa naogopa sana, ingawa hapa wodini nasema vingine. Ila mchana wa huku ni mrefu, Mitsue. Kule nikifungua maji asubuhi, kuna kitu kinaningoja. Ni hilo tu.

Sikuombi tena. Lakini kama utapita: toa magunia na nyasi nilizolifungia bomba lisigande, kisha fungua bomba lote kabla maji hayajaja, hewa ipate pa kutokea. Ukiliacha limefungwa, paipu itapasuka chini ya ardhi. Litakohoa, usishtuke. Yataanza kutoka ya matope. Ita yakiwa safi.

Ukinyamaza, sitauliza.

Baba yako

Kamisawa
20 Aprili

Baba, shikamoo.

Nipo jikoni kwako. Jiko nimewasha lakini vidole bado havishiki kalamu vizuri.

Nilikuja kumwambia Onodera akate. Niliona aibu watu watusubiri bure, nikasema nitamwambia uso kwa uso. Nikamkuta amefunga koki na kushuka, amekaa kando ya bomba letu, msumeno mapajani.

"Binti Kumagai," akasema, "baba'ko bado anajisifu?"

"Anajisifu."

"Basi yu hai. Haya, nikate?"

Mama Chiba, aliye juu yetu, alikuwa ameshaita. Wale wa nyumba mbili za chini walisimama na ndoo zao wakinitazama, maana maji hayawezi kuwafikia kabla ya bomba letu kuamuliwa. Hakuna aliyenihimiza. Nikafungua mdomo niseme ndiyo.

Baba, chumba nilichokipaka rangi, dirisha lake linatazama ukuta. Sikukwambia.

Nikamwambia Onodera angoje. Nikatoa magunia, nikafungua bomba lote, naye akapanda tena kwenye koki. Lilikohoa, likatema kutu na matope juu ya koti langu la kazini, halafu maji yakawa safi. Nikaita. Onodera akapiga kelele kwamba hajasikia, nikaita tena, mbwa wa akina Chiba akaanza kubweka, watu wakacheka.

Bomba lako lipo. Sasa na wewe nisikilize. Novemba, wakati wa kumwaga maji ya paipu yasigande, nitakuja kuyamwaga mimi, na nikitoka hapa natoka na wewe. Wakati wa theluji unakaa Sendai, ikiyeyuka unarudi. Kila mwaka. Nimemwambia Onodera mbele ya wote. Ukikataa, msumeno anao.

Mwanao, Mitsue

Morioka
26 Aprili

Mwanangu,

Hujambo, na koti limetakata? Mimi leo nimekaa kitandani bila kushikwa.

Barua yako nimeisomea wodi nzima. Pale ulipoita niliongeza sauti kidogo, sasa wanaamini ulisikika mpaka hapa Morioka. Mzee wa kitanda cha jirani ametokwa na machozi, anasema ni vumbi.

Dirisha lisikusumbue. Melini nimelala miaka kwenye chumba kisicho na dirisha kabisa.

Ya Novemba nimekubali. Ila mwanzoni mwa mwezi figili zinakuwa bado ardhini. Njoo tarehe thelathini, jioni, na usije na haraka.

Baba yako