Barua Isiyo na Mchungaji

Jumapili, 2 Novemba 2025

Tangazo limebandikwa juu ya mashine ya maji, ili kila mwenye kiu alione. Kuanzia tarehe 15 duka zima linafanya kazi Jumamosi. Mapumziko ni Jumapili. Kontena za Mombasa na Dar zitapakiwa Ijumaa jioni na Jumamosi. Hakuna kubadilishana zamu. Khalas.

Miaka mitatu nauza taa za Probox na gearbox za Noah hapa Ras Al Khor, Dubai. Ijumaa adhuhuri wanaume wakienda kuswali, nashika kaunta peke yangu, wateja wa simu na wa mlangoni. Jumamosi Mohdhar, msimamizi wetu, anashika kazi yangu. Hatukuandikiana popote. Mimi namlindia Ijumaa yake, yeye ananilindia Jumamosi yangu. Leo amelipita lile tangazo kichwa chini — mtu wa Mombasa asiyekosa neno!

Sijalia. Nina hasira tu.

Jumatatu, 3 Novemba

Mohdhar ameniulizia kwa arbab. Arbab ni Ghanim, mwenye duka na mwenye viza zetu. Jibu: mwenye sababu ya dini alete barua ya kanisa lake, yenye muhuri, isipite Ijumaa tarehe 14. Ataisoma, ataamua.

Barua ya kanisa. Hapo ndipo penye kazi!

Duka zima wanajua mimi ni Msabato. Proscovia, ninayeishi naye chumba kimoja mtaa wa Discovery Gardens, ndiye aliyenitafutia kazi hii alipohama yeye hapa dukani. Yeye ni Msabato kweli, wa Soroti, kwetu Uganda. Alipoulizwa mbona huyu naye hataki Jumamosi, akajibu, ni mwenzangu. Mengine wakajaza wenyewe. Hali nguruwe. Ijumaa jua likianza kushuka anakimbia. Basi, Msabato huyo. Nani Dubai nzima angewaza Myahudi mweusi kutoka Mbale, anauza taa za magari?

Sikusema uongo. Lakini ukweli nao sikuusema. Miaka mitatu.

Jumanne, 4 Novemba

Proscovia kafurahi kabisa. Kwake ni jambo dogo. Mchungaji wao ni mtu mwema, ataandika, atapiga muhuri, wiki haiishi barua iko mkononi. Anasema Mungu ni mmoja na Sabato ni moja, tatizo liko wapi? Nikasema asante. Huyu ndiye aliyenipokea uwanja wa ndege na chapati mbili ndani ya foili. Nimwambieje hapana?

Na nani mwingine atanipigia muhuri? Sinagogi iko Abu Dhabi, na Sabato sipandi basi. Hakuna anayenijua kule. Halafu habari za vita kila simu. Mtu akisikia Myahudi siku hizi anaona ndege na mabomu, hamwoni babu yangu, naye Myahudi, na kahawa yake mlimani.

Jumapili, 9 Novemba

Barua imefika. Nzuri! Karatasi nzito, muhuri wa buluu. "Dada Naume, mshiriki wetu mwaminifu." Nimeisoma mara tatu. Huyo mshiriki mwaminifu simjui.

Leo pia nimemaliza kusoma kwa ajili ya Mwalimu Enosi. Ndiye anayefundisha vijana wetu kule nyumbani, na ametugawia zamu sisi tulio nje: kila mmoja atume dakika kumi za sauti. Mimi nimepewa dini yetu chini ya Roma. Nilidhani ni habari za kusulubiwa na moto tu. Kumbe!

Kaisari Augusto alitoa amri kwamba Myahudi asilazimishwe kufika mahakamani siku ya Sabato. Wala siku ya kuiandalia, yaani Ijumaa, kuanzia saa tisa. Saa tisa yetu hiihii! Wao pia walihesabu kuanzia mapambazuko, si kama hawa wanaosema saa tatu jua likiwaka. Na ngano ya bure mjini Roma — ikiangukia Sabato kugawiwa, fungu la Wayahudi liliwekwa hadi kesho yake. Fikiria karani mmoja, mpagani, amechoka, na bado anasogeza magunia pembeni: haya ya wale, watakuja kesho.

Roma hiyohiyo ndiyo iliyokuja kulichoma Hekalu. Najua, na nitawaambia vijana. Ruhusa ya mkubwa ni ya mkubwa, akiitaka ataichukua. Lakini kitu kimoja kimenikaa kooni. Yule karani alijuaje magunia ni ya nani? Kwa sababu wenyewe walisema. Walikwenda wakasimama wakajitaja. Kaisari hakuwapa Sabato, aliikuta.

Halafu babu. Wakati wa Amini dini yetu ilipigwa marufuku. Wengi walibadili. Babu alisali chini ya kitanda, na askari wakija alivaa rozari ya jirani, Mkatoliki. Amini alipokimbia, babu akairudisha. Bibi anasema aliirudisha kwa shukrani nyingi, kisha akaja nyumbani akakaa kwenye kinu akalia.

Babu alikabiliwa na bunduki za askari mlangoni. Mimi nina tangazo juu ya mashine ya maji.

Jumatatu, 10 Novemba

Nimemrudishia Proscovia barua. Vita!

Kasema nimemwaibisha kwa mchungaji. Kasema nataka kufukuzwa kwa ajili ya jina tu, maana siku ni ileile. Viza ikifutwa nitarudi Mbale na hilo jina nilipike? Nikamwambia mficha uchi hazai. Akasema hata aliye uchi hadharani hazai, anashikwa na polisi. Karibu nicheke. Sikucheka.

Anapika maharage, mifuniko inalia jikoni kote. Hatusemi.

Alhamisi, 13 Novemba

Nimeandika yangu. Haina muhuri, haina mchungaji. Mistari minne kwa Kiingereza: Mimi ni Myahudi, wa Mbale, Uganda. Sabato yangu inaanza Ijumaa jua likizama, inaisha Jumamosi jua likizama. Nitafanya kazi Jumapili, nitafanya Ijumaa adhuhuri, sikukuu zenu zote nitashika duka. Jumamosi sifanyi.

Nikampa Mohdhar ampelekee arbab. Akaisoma amesimama kati ya injini mbili. Nikangoja uso ubadilike. Haukubadilika. Akaniambia alikuwa anajua tangu mwaka jana, mwezi wa kumi, siku yetu ya toba, alipopita mlangoni kwetu akanikuta nimefunga. Wasabato anaowajua yeye hawakai mchana kutwa bila hata maji, na nguo nyeupe juu. Alijua akanyamaza!

Nikamuuliza kwa nini.

"Siri ni yako, dada Naume. Si yangu kuitoa. Lakini ukishaitia kwenye karatasi, mimi siwezi tena kukuhifadhi. Wafahamu?"

Akasema barua ya mchungaji wa Proscovia, niliyokuwa nimemtajia, bado ingefaa. Ningemletea kesho asubuhi angeipeleka, na hii angeichana mbele yangu, na wala asingenidharau. Alisema kwa upole hasa, na upole wake ndio uliotaka kunivunja. Nikasema peleka hiyo. Akaikunja mara mbili, akaitia mfuko wa kifuani. Kesho baada ya swala, akasema.

Naogopa. Nimeandika ili nisijifanye shujaa. Lakini liwalo na liwe.

Ijumaa, 14 Novemba. Chumbani, saa kumi na moja kasoro dakika tano

Haraka, jua halinisubiri.

Adhuhuri nilishika kaunta wakaenda kuswali. Waliporudi Mohdhar akaingia ofisini na barua. Saa nane na nusu Ghanim akatoka hadi uani, barua mkononi, wanaume wote wako pale wanangoja forklift. Akaniuliza hii ni nini. Angalau angeniita ndani! Ningeweza kusema ni makosa. Mohdhar alikuwa anatazama viatu vyake.

"Sir, mimi ni Myahudi. Kesho sifanyi kazi."

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Hakutukana. Aliuliza jambo moja, mbona miaka mitatu nimemwacha aamini jingine, ndani ya duka lake mwenyewe. Nikasema niliogopa. Akauliza, na sasa huogopi? Nikasema naogopa sir, lakini kesho bado siji.

Mtu mmoja alicheka, akajinyamazia.

Ghanim akaitia barua mfuko wa kandura, kanzu yake ya Kiarabu. Akasema nisaidie kontena hii iishe, atafikiri, jibu baadaye. Ikawa saa tisa. Kontena ile haiishi kabla ya usiku, naijua. Nikachukua mkoba wangu. Nikamwambia samahani sir, siku yangu inaanza leo. Nikatoka getini mbele yao wote. Sikukimbia. Miaka mitatu nakimbia kila Ijumaa, leo nilitembea! Mpaka metro.

Nimefika, Proscovia kanitangulia. Gauni lake la kanisani limeshapigwa pasi. Mishumaa yangu miwili iko mezani, mimi sikuitoa. Ameuliza, umewaambia? Nikasema ndiyo. Mbele ya nani? Mbele ya wote. Akasema haya, akafuta meza iliyokuwa safi tayari. Ndiyo maneno yetu ya kwanza tangu Jumatatu.

Simu. Mohdhar, mara mbili, nilikuwa naoga. Sasa ujumbe: Pokea dada, arbab ameamua.

Ameamua nini hasemi.

Saa kumi na moja na dakika kumi. Zimebaki nne niwashe mishumaa ya Sabato. Nikishawasha siandiki, sigusi simu, hadi kesho jua lizame. Proscovia anasema nipokee, nijue moja. Yeye hawezi kulala na jambo bichi.

Akisema ndiyo, kesho siendi. Akisema hapana, kesho siendi. Sasa nipokee ya nini? Kwa sababu nataka kujua, ndiyo! Nataka mno. Na najijua. Nikisikia hapana nitaanza kubembeleza, nitasema basi nije asubuhi tu, nusu siku tu, mara hii tu. Simwogopi tena Ghanim, naogopa mdomo wangu.

Inaita.

Proscovia ameiokota kitandani. Ameshika simu, kidole juu ya kioo, ananitazama nimwambie. Mimi nimeshika kiberiti.