Gedion Wetu, Zimwi la Chaani

Mwaka umetimia, Gedion, tangu ututoke, na akili zetu bado hazijakaa sawa. Mara tunakulilia, mara tunangoja uingie ucheke useme ulikuwa ukituchezea. Mama anataka kujua jambo moja tu: je, ulipoondoka ulikuwa na woga?

Sisi hapa Chaani tulikujua mpole. Ulipiga gitaa kanisani umeinamisha kichwa. Jirani yetu Bi Swabra akikuita umbebee maji, ulikuwa mbioni kabla hajamaliza jina.

Sasa nani angedhani wewe ndiye utakayetoka ndani ya jeneza mbele za watu, pale kwenye onyesho la muziki ukumbini Changamwe, uso mweupe kwa unga wa muhogo, macho yamezungushiwa wanja wa Bi Swabra, unatema damu na kujiita Zimwi? Wasichana walikimbia wakaacha viatu.

Kesho yake mchungaji akaja na wazee kukutoa pepo. Ukapiga magoti bila ubishi. Mama akauliza kwa kilio, "Mwanangu, ile damu ni ya nani?"

"Si damu, Mama. Ni rangi yako ya mabuyu."

Kumbe! Siku zote zile Mama alikuwa akishangaa mabuyu yake ya kuuza yanatoka meupe, rangi inakwenda wapi. Hakujua akuchape au acheke. Mchungaji aliendelea na maombi, maana alikwisha kuanza.

Basi Zimwi akapata watu, Kisauni hadi Likoni. Kila onyesho ulikufa, na kwenye wimbo wa mwisho ukafufuka. Ukirudi nyumbani unanawa bombani, unamuuliza Mama kama amekula. Tulikutania kwamba hakuna anayejua kufa kama wewe. Utani huo sasa unatuchoma.

Siku ile Likoni mvua ilinyesha, umeme ukakushika kwenye maikrofoni. Ukaanguka. Watu wakashangilia, wakapiga makofi na vigelegele. Randu, mpiga ngoma wako, akaendelea kupiga akingoja uinuke.

"Nilijua ni mchezo wake, mama," alituambia matangani, machozi yakimtoka. "Sijawahi kumwona akianguka vizuri vile." Hatumlaumu. Hata sisi tungepiga makofi.

Mama humwita Randu kila Jumapili amsimulie tena. Ati walishangilia kwa nguvu? Sana, mama. Na yeye aliwasikia? Randu husema ulisikia. Bi Swabra husema Mungu ndiye ajuaye. Mama huomba iwe ulisikia, ukaenda ukidhani onyesho limefana.

Unakumbukwa na mama yako Rosalia, baba yako Bramwel, dada yako Maryanne, kaka yako Dishon, jirani yako Bi Swabra, na Randu, ambaye hajagusa ngoma tangu siku ile.

Daima tutakukumbuka, Gedion, wewe na Zimwi wako, ingawa hadi leo hatujui tulimzika yupi.