Mama Hélène Musoki na Siku Phonie Zote Ziliponyamaza

Mama, mwaka umetimia tangu ulipotutoka, asubuhi ile ya mvua hapa mtaani kwetu Bigo. Bado tunashtuka nyumba ikikaa kimya.

Miaka kumi na tisa ulikuwa mtu wa phonie, ukizungumza kwa redio na posti za afya za mbali, kule ambako simu haishiki. Kila asubuhi, kabla ya chai, ulisoma habari za jua: lina madoa mangapi, limelipuka au limetulia, sauti itapita au itakatika, maana jua likilipuka huweza kuikata redio. Ukaandika kwenye kaye, daftari lako, kisha ukawatangazia wauguzi. Siku nyingine ulikosea. Ulisema redio itanyamaza, ikapita safi mpaka jioni, nao wakakucheka. Nawe ulicheka: "Jua haiko mutoto yangu. Haiwezi kuniambia yote."

Jumanne ile hatuisahau. Asubuhi uliwaonya: "Iko doa kubwa inatuangalia. Sauti ikikatika, musiogope." Saa sita mchana muuguzi Fanny alikuwa anazungumza nawe kutoka posti yake. Alphonse, bwana yake, alikuwa amekuja kumsalimia kwa phonie, ameketi kando yako. Fanny akasema, "Mama Hélène, naona batu mingi banakuja..." Kisha kimya.

Nyote wawili mliwaza jambo moja, shambulio, maana mkoa wetu wa Ituri tunaujua. Alphonse akashika ufunguo wa pikipiki.

"Naenda kutafuta bibi yangu."

"Ngoja kwanza, Alphonse. Ile barabara itakuua."

Ukaita posti ya Kasenyi: kimya. Ukaita posti zote saba, moja moja: kimya. Ndipo ukamwambia, "Batu ya bunduki hawawezi kufika fasi saba kwa dakika moja. Hii iko jua tu. Keti."

Akaketi, analia. Ulimshika mkono, na kwa mkono wa pili ukaendelea kuita. Saa moja na nusu nzima. Baadaye ulikiri kwetu: "Nilisema kwa nguvu, lakini na miye niliogopa."

Sauti ya Fanny ikarudi, inakwaruza: "...bamama na batoto yao, kwa chanjo! Siye tuko muzima. Mbona munanyamaza?"

Jioni uliporudi ulitukuta tumefunga magodoro kwa kamba, tayari kukimbia. Uvumi wa shambulio ulikuwa umefika Bigo kabla yako. Hukutugombeza. Ulifungua kamba, ukatandika kitanda kimoja kimoja, ukasema, "Leo tunalala hapa hapa." Tukalala.

Hatukukushukuru siku ile. Aksanti, Mama.

Tunaokukumbuka ni mume wako Mathieu, watoto wako Lionel na Jemima, dada yako Micheline na ukoo wote wa Butembo, pamoja na Alphonse na Fanny, ambao sasa ni watu wa nyumbani. Misa ya kukuombea ni Jumamosi, saa mbili asubuhi.

Mpaka siye pia tutakapofumba macho, hatutakusahau.