Nguo za Wanasesere na Kodi ya Baba

Nyumba ya bluu, mlango wa pili chini,
Nyuma ya hospitali.
Jumamosi, tarehe 14, saa tisa alasiri

Mpendwa Mama Mdogo,

Zile barua za kodi nilizisoma zote, na nilizielewa zote. Jambo hili sijamwambia mtu yeyote, hata kwa kunong'ona peke yangu bafuni. Wewe ndiye wa kwanza.

Nisamehe kwa kukuvamia bila salamu, kama mtu aliyeingia sebuleni na viatu vya matope. Niliogopa kwamba nikianza na habari za mvua na mitihani, nitajificha humo humo mpaka karatasi iishe. Unanijua. Sasa, shikamoo Mama Mdogo. U hali gani? Kile kifua kimeachia? Na Baba Mdogo, bado wanamwamsha alfajiri kwa ile zamu yake? Mimi ni mzima. Baba naye ni mzima, kwa maana kwamba ukimwekea chakula anakula na ukimwita anaitika.

Nakuandikia kwa sababu ya yale uliyomwambia baba kwenye simu Jumapili iliyopita, alipokueleza habari ya barua ya kodi. Sikukusudia kusikiliza, lakini simu yake unaijua, mtu akiongea anasikika mpaka jikoni. Ulimwambia hana haya, mtu mzima kumtumbukiza mtoto wa marehemu dada yako kwenye mambo ya serikali ili yeye auze vinguo vyake. Baba hakujitetea. Alisema tu, "Kweli, shemeji. Nimekosa." Kisha akaiweka simu juu ya friji, akaenda kuosha sufuria ambayo ilikuwa imeshaoshwa.

Hakukosa, Mama Mdogo. Ngoja nikueleze tangu mwanzo, na tafadhali usinihurumie mpaka umalize kusoma.

Hivi vinguo sidhani kama kuna aliyewahi kukusimulia vilivyoanza. Miezi michache baada ya mama kututoka, nilirudi kutoka shuleni nikamkuta baba amelikata lile gauni lake la kijani lenye maua meupe. Vipande vilikuwa vimetapakaa kitandani. Nilidhani akili imemruka. Kumbe alikuwa anamshonea mwanasesere wangu wa zamani gauni lile lile, na kola yake, na vifungo vinne mgongoni. Alinikabidhi bila kusema neno. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, wanasesere nimeshawaacha, nami nikampokea bila kusema neno. Ndivyo tulivyo sisi wawili.

Basi hakuweza kuacha. Magauni mengine ya mama hakuyagusa tena, alinunua vitambaa vilivyobaki kwa mafundi. Akiwa kazini, kwenye kile kibanda cha maegesho ya hospitali anakokatia tiketi tangu mgongo ulipomkatalia lori, alishona kwa mkono gari zikipungua. Akiwa nyumbani alitumia cherehani ya mama. Mtu ana vidole kama ndizi, Mama Mdogo, lakini anakunja pindo la sketi usiloweza kuliona bila kuinama. Kinyozi wetu wa jirani alikuwa hapiti bila kumchokoza. Siku moja akamuuliza, "Dereva, leo unamshonea panya sidiria?" Baba akamjibu bila kuinua macho kwamba panya wa saluni yake ndiye aliyeagiza, tena amelipa taslimu, si kama wateja wake. Nilimsikia baba akicheka. Nilikuwa nimesahau kicheko chake kina sauti gani.

Muuguzi mmoja akanunua nguo tatu, akamwambia aziweke kwenye soko la mtandaoni. Baba katika ile lugha nyingine, ile ya fomu na ya ofisini, anajua "simama", "rudi nyuma" na "mzigo umejaa", basi. Kwa hiyo duka nililifungua mimi.

Hapa ndipo penyewe. Swali la tano la fomu liliuliza kama unauza kwa kujifurahisha au unafanya biashara. Chini yake kulikuwa na maelezo kwa herufi ndogo, nami nikayasoma yote. Yalisema anayeuza kwa kujifurahisha, na mauzo yake hayafiki kiwango kilichowekwa, halazimiki kujisajili kwa ajili ya kodi ya mauzo. Soko lenyewe linaikata kodi hiyo kwa mnunuzi na kuipeleka linakotakiwa. Mauzo ya baba yasingefika hata robo ya hicho kiwango. Alikuwa ameketi kando yangu anapuliza chai, akaniuliza, "Wanasemaje hapo?" Nikamwambia wanauliza jina la duka.

Nikachagua biashara.

Nilikuwa naona aibu. Wiki hiyo mwenzangu mmoja wa darasani alimwona baba kibandani na sindano mkononi, na kisketi cha pinki kimevalishwa kwenye kidole gumba ili apime kiuno. Mpaka saa ya mapumziko darasa zima lilikuwa linaniita Mtoto wa Mwanasesere. Sasa wanaojaza "biashara" huwekewa alama ya bluu kando ya jina, na duka linasomeka kama kampuni. Nilitaka wakilitafuta waikute kampuni. Sikutaka wamkute dereva mstaafu anayejifurahisha kwa chupi za wanasesere.

Biashara ilidai namba ya usajili wa kodi. Kitambulisho cha baba kilikuwa kwenye koti lake. Jumanne saa nne, katika maktaba ya shule, nilimsajili kwa majina yake yote matatu. Ilinichukua dakika kumi, na nakiri nilijiona mjanja.

Kuanzia hapo soko halikuipeleka kodi tena. Liliichanganya na malipo ya wateja, ikaingia kwa baba, naye ndiye aliyetakiwa kuipeleka na kujaza ritani, yaani fomu ya hesabu ya kodi, kila baada ya miezi mitatu, hata kama hajauza kitu. Baba hakujua. Aliona malipo yameingia akadhani yote ni yake. Alinunua uzi. Alinilipia safari ya shule. Alininunulia miwani, hii hii niliyovaa sasa nikikuandikia.

Barua pepe ya kwanza ilikuwa ya upole, kama mtu anayekukumbusha mwavuli wako. Ya pili ilikuwa na tarehe ya mwisho. Ya tatu ilitaja faini. Zote zilikuja kwenye anwani niliyoifungua mimi, nami nikaziweka kwenye folda niliyoipa jina la Hisabati, mahali ambapo baba asingetazama hata kwa kupotea. Kila siku nilipanga kumwambia kesho. Ubaya wa kesho haiishi.

Mwishowe ikaja barua ya karatasi, imeandikwa jina lake. Akaniletea nimsomee. Siku hiyo ndiyo ya kwanza nilimtafsiria kila neno kama lilivyo. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza taratibu, "Kwa hiyo mimi nimekuwa mwizi?" Nikasema sijui.

Jumatatu tulikwenda ofisi ya kodi. Baba alivaa shati la harusini. Tuliketi kwenye viti vilivyofungwa pamoja kwa chuma, mtu mmoja akijigeuza mnatikisika wote. Ofisa alikuwa mama mmoja mwenye mafua, akaongea nasi kwa Kiswahili, hakutudharau. Akauliza nani alijaza fomu. Baba akasema, "Mimi." Yule mama akatazama kompyuta yake, akamuuliza Jumanne ile saa nne alikuwa wapi. Baba akajibu kazini. Je, kazini ana kompyuta? Baba akasema ana mashine ya tiketi. Mama wa watu akaficha mdomo kwa kitambaa, sikujua kama ni kicheko au ni mafua.

Kisha akaeleza. Kama baba ndiye aliyejisajili, basi ni mfanyabiashara aliyekaidi, faini zinasimama na jina lake linabaki na doa. Lakini kama kuna mtu mwingine aliyemsajili bila yeye kujua, mtu huyo aandike hivyo na kutia sahihi, na baba naye atie sahihi yake chini. Usajili utafutwa kama kosa na faini zitaondoka. Kodi waliyolipa wateja ndiyo tu ataipeleka, kidogo kidogo. Akatoa fomu moja, akasema tumepewa mpaka Jumatatu ijayo. Alipokuwa akisema hayo alinitazama mimi.

Nami nilitazama bango la ukutani linaloonyesha namna ya kuzima moto.

Baba akamwambia, "Huyu mtoto hajui kitu, mama. Zile barua ni ngumu, hata wakubwa zinawashinda." Mama Mdogo, katika lugha ile mimi ndiye niliyeongoza darasa zima. Cheti chake baba amekitundika juu ya kitanda chake mwenyewe. Nilikuwa na maneno yote, kwa lugha zote mbili, na macho nikayarudisha kwenye bango la moto.

Tulipotoka alininunulia soda. Akaniambia nimsamehe kwa kunipeleka mahali pa aibu. Niliinywa. Sijui kwa nini nakwambia hili, ila niliinywa mpaka ikaisha.

Tangu siku hiyo hajashona. Kinyozi alimchokoza juzi, baba akamwitikia salamu tu na kupita, na kinyozi akabaki na mkasi mkononi akiniuliza kwa macho kuna nini. Siku hizi baba akiwa kibandani anatazama lango la magari likifunguka na kufungwa. Mimi ninapotoka shule napita upande wa pili wa barabara nisimwone.

Na sasa ameamua kuiuza cherehani ya mama, ile mliyoinunua pamoja, wewe na mama, kabla hujaondoka. Amempata fundi wa mapazia. Anasema itafidia faini. Amekwenda kuazima mkokoteni, na fundi anakuja saa kumi na moja leo hii. Anaiuza ili alipe faini ambazo zingefutwa na mstari mmoja wa mwandiko wangu.

Fomu nimeijaza. Nimeandika kwamba ni mimi, nimeandika siku na saa, nimetia sahihi. Iko hapa chini ya barua yako. Imebaki sehemu ya sahihi ya baba, na hapo ndipo ninapokwama, kwa sababu siwezi kumpa fomu bila kumwambia.

Nitakwambia ukweli wa mwisho. Nilipoanza barua hii nilitaka wewe umpigie simu umwambie kwa niaba yangu. Nilikuwa nimeshapanga hata maneno ya kukuomba. Lakini barua itachukua wiki mbili kukufikia, na hata ingefika leo, ningekuwa nimetafuta mtu mwingine wa kunibebea uongo wangu. Kwa hiyo sikuombi hilo. Nakuomba jingine. Ukipiga simu tena, mwite shemeji kama zamani, na umwombe radhi. Yale uliyomwambia yalikuwa yangu.

Kwa Baba Mdogo nipelekee shikamoo. Wadogo zangu wasalimie mmoja mmoja, yule wa mpira na yule wa meno ya mbele. Bibi mkiongea naye mwambieni nakula vizuri, asiamini picha. Mungu akuondolee hicho kifua, awalinde huko mliko, na mlango wenu usikose wa kuugonga kwa heri.

Nasikia mkokoteni unasimama nje. Sasa ni hatua zake ukumbini, ule mguu wa kushoto unaoburuta. Ningekuwa mimi wa juzi, karatasi hizi zingekuwa zimeshaingia ndani ya daftari la hisabati, na mimi nimeshainamia hesabu. Nimezipanga mezani, fomu juu, barua kando yake, na kalamu. Fomu hataielewa. Barua ataisoma mwenyewe, maana nimeiandika kwa Kiswahili. Akimaliza nitakutumia. Ameshika kitasa.

Wako akupendaye siku zote,
Kijiti